Kamera ya Jikoni

Babu alipofariki, picha iliyowekwa kwenye kijitabu cha mazishi ilitoka kwenye kitambulisho chake. Kijana wa saiba pale Voi aliikuza mpaka ikajaza ukurasa. Tukamzika mtu mwenye uso wa chenga na macho ya mtu aliyeambiwa asicheke. Nikajiapia kwamba kwa Bibi haitakuwa hivyo.

Shida ni kwamba Bibi huwa Bibi kweli mahali pamoja tu: jikoni kwake, kule juu Wundanyi, saa moja jioni, akiwa kwenye kigoda kando ya mafiga. Ukimtoa nje juani anakaa kama mtu anayesubiri kuapishwa. Na jikoni hakuna stima. Stima iliishia nyumba kubwa. Kuna moto, kuna koroboi, basi.

Nilijaribu na simu. Simu za siku hizi usiku hupiga picha kadhaa mfululizo kisha zikazichanganya kuwa moja. Lakini Bibi hatulii. Anasukuma kuni, anasonga ugali, anafukuza kuku. Mikono ikatoka mitatu. Na uso, ule uso wote wa miaka themanini na kitu, simu iliupiga pasi. Alitoka mrembo ajabu. Hakuwa Bibi.

Nikaweka akiba miezi saba, ikafika elfu 60, nikapanda ngazi za duka moja la kamera za mitumba katikati ya Nairobi.

“Unapiga nini, bosi?”

“Mtu mmoja. Gizani.”

“Basi hapo mambo yote ni sensa,” akasema.

Mimi neno hilo lilinirudisha Agosti 2019, wale vijana waliopita usiku wakiuliza nani amelala hapa. Lakini ukifikiria, hakukosea sana. Kihisi cha kamera nacho kazi yake ni kuhesabu. Kimegawanywa katika vijisehemu mamilioni, na kila kimoja kinahesabu mwanga ulioingia kwake. Mchana mwanga ni mwingi, hesabu inatulia. Gizani unaingia kidogo, hesabu inayumba. Vijisehemu viwili jirani vinaangalia shavu lile lile na vinaleta majibu tofauti. Hizo ndizo chenga.

Ndiyo maana ukubwa una maana. Mvua ikinyesha, karai hukinga maji mengi kuliko kikombe, hata vikikaa chini ya bati moja. Kihisi cha ile wanayoiita fulu fremu ni milimita 36 kwa 24. Cha APS-C, kwenye Nikon, ni kama 23.5 kwa 15.6. Zidisha mwenyewe: cha kwanza kina eneo zaidi ya mara 2 ya cha pili. Megapikseli, zile zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, hazikuambii hayo. Kamera mbili zinaweza kuwa na milioni 24 kila moja, moja ikikinga kwa makarai na nyingine kwa vikombe.

Basi nikaitaka fulu fremu. Bodi tupu, iliyotumika, elfu 85. Nikaanza kupiga hesabu za mkopo wa sako nikiwa nimesimama palepale. Akanionyesha pia vile vikamera vidogo vya zamani vyenye kihisi cha CCD, ambavyo vijana wanavigombania kwa ajili ya rangi zake. Juani ni vitamu, sikatai. Jikoni kwa Bibi kisingeona hata sufuria.

Kilichoniokoa ni swali ambalo nilikuwa nimelisahau: na lenzi je? Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, ukiiweka kwenye 35 inafunguka mpaka karibu f/4.5. Kuna ndogo ya 35 peke yake inayofunguka mpaka f/1.8, na hiyo inaingiza mwanga karibu mara 6. Mara 6 kwa elfu 14! Mwenye pesa atanunua lenzi pana na kihisi kikubwa pia, Mungu amzidishie. Mimi nilikuwa na elfu 60 na nauli ya kutafuta.

Akajaribu kuniuzia ya 50, eti ndiyo ya sura za watu. Nikakataa. Jiko la Bibi ni hatua tatu kwa tatu, na kwenye APS-C ile ya 50 inaona finyu, kama 75 kwenye fulu fremu. Ningelazimika kupigia picha nje, kwa kuku. Nikachukua 35 na Nikon D5300, kamera ya 2013 ambayo hakuna mtu anayeiota usiku. Elfu 49 zote mbili.

Nilifika Wundanyi Jumamosi. Jioni nikakaa mlangoni nikaweka f/1.8, ISO 3200, nikangoja mpaka akanisahau. Chenga kidogo zipo, ukizitafuta. Lakini mikunjo yote ipo, na moshi, na mwanga wa moto upande mmoja wa shavu.

Nikampelekea aone. Akaishika kamera mbali na macho, kama anavyoshika barua.

“Hii ndiyo mtaweka kwa kile kijitabu?”

Sikujua nijibu nini. Nikasema, “Bibi, ni picha tu.”

“Nimekuuliza.”

“Ndiyo, Bibi.”

Akaangalia tena. “Na umeniacha na leso hii imeungua. Ngoja nivae ile nyingine.”

Akaingia nyumba kubwa. Nikaongeza kuni motoni.