Maji Hayadanganyi: Safari ya Usambara

Msafiri anayeuacha mji wa Mombo na kushika njia ya Lushoto huliacha nyuma joto la bonde na mashamba ya mkonge. Barabara hujipinda kwa takriban kilomita 33, ubavu mmoja mwamba na wa pili korongo, ikipita Soni penye maporomoko ya maji, hadi mji ule ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Sisi wa kamati ya msikiti tulitoka Tanga alfajiri, na tulipofika Lushoto tulikuwa tumevaa makoti. Tukaendelea juu, kupita msitu wa Magamba, hadi kijiji ambacho ndugu zetu waliomba msaada wa maji ya udhu.

Tulikuwa wanne: mwenyekiti, mweka hazina, mwandishi wa makala haya ambaye ni katibu, na mtoto wa mweka hazina, anayesoma mwaka wa kwanza wa uhandisi. Njia nzima baba yake alikuwa akinung'unika. "Nimeuza kiwanja nimpeleke akawe injinia," alisema, "nao wamempa tupa, anakwangua kipande cha chuma wiki tatu ili kiwe mraba! Kazi hiyo si hata gereji ya mtaani ipo?" Kijana aliinamisha kichwa. Nasi, kusema kweli, tuliafikiana na mzee. Kwetu wengi, karakana ni mahali pa aliyefeli.

Mfukoni tulikuwa na barua iliyokwisha kuandikwa, ya kuagiza mabomba, saruji na nondo za mnara wa tangi. Kijana alikuwa amepiga hesabu kwa takwimu za simu yake, aliyoipeleka kijijini mwezi uliotangulia: chemchemi iko juu ya kilele cha mnara kwa mita tisa, kwa hiyo maji yatashuka yenyewe bila pampu. Hesabu ilikuwa nzuri, imeandikwa kwa mwandiko safi. Fedha zilikuwa sadaka za Ijumaa, na humo mlikuwa na shilingi za wajane tunaowafahamu.

Kijijini alitupokea mzee mmoja, fundi wa kuta. Kijana akaamkia, "Shikamoo babu." Mzee akaitika marahaba, akaitazama karatasi kwa adabu, kisha akauliza, "Mwanangu, umeyauliza maji yenyewe?" Akaingia ndani, akatoka na mpira mwembamba mwangavu, ule ambao mafundi huujaza maji ili kusawazisha ukuta.

Kanuni yake ni nyepesi: maji yaliyotulia ndani ya mpira mmoja hukaa kimo kimoja ncha zote mbili, hata kukiwa na kichaka au jiwe katikati. Ncha moja huegemezwa kwenye kigingi cha juu, ya pili kwenye kigingi cha chini; hupimwa kutoka ardhini hadi usawa wa maji kila upande, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo kimo cha mteremko. Kisha husogezwa hatua nyingine, na jumla huandikwa. Wazee wa Kisambaa walichimba mifereji ubavuni mwa milima hii kabla ya Wajerumani kufika, na kila mfereji ulilazimika kuitii kanuni hiyohiyo.

Kutoka chemchemini hadi msikitini tulihesabu hatua kumi na nne. Jumla ilipotoka, kijana akanyamaza. Chemchemi haikuwa juu ya kilele cha mnara kwa mita tisa. Ilikuwa chini yake kwa mita moja na nusu. Tungejenga mnara mkavu.

Hapo ndipo tulipoona faida ya zile wiki tatu za tupa. Kijana hakubishana wala hakukimbilia simu. Alisema, "Babu, karakanani hatuandiki kipimo mpaka tukirudie. Turudi tukipima kutoka chini kwenda juu." Akakunja suruali, akaingia matopeni. Vipimo viwili vilitofautiana kwa upana wa vidole vitatu tu. Kisha akakinga ndoo ya lita 20 chemchemini, akatazama saa: sekunde 50. Hizo ni lita 24 kwa dakika, lita 1,440 kwa saa. Maji yanatosha, kilichokosewa ni mahali pa tangi. Likiwekwa ua wa chini, penye mteremko, litajaa bila mnara na bila pampu. Mweka hazina hakusema neno. Alikuwa amekwisha kushika kigingi kimoja kwa mikono yake.

Nasi tulijihukumu. Chuoni tulisoma hukumu za maji, tukahifadhi kulateni na yaliyo chini yake, wala hatukuwahi kushika ndoo tukapima ni maji kiasi gani. Ilhali katika Surat Saba tunasoma kwamba Nabii Daudi (AS) alilainishiwa chuma, kisha akaamrishwa avipime vyema viungo vya deraya. Na al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mashine mwaka 1206, alieleza vyombo vya kupandisha maji alivyoviunda mwenyewe.

Hapa nchini, tangu Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973, mafunzo ya vitendo yamekuwa sehemu ya masomo, si pambo. Mzazi ambaye mwanawe anaingia mwaka wa kwanza, na amnunulie ovaroli kwa moyo mkunjufu. Na mwana akirudi likizo, asiulizwe alama peke yake. Aulizwe pia amepima nini, na amekosea wapi.

Tulishuka Mombo jua likizama. Barua ya zamani tuliichana Soni, gari liliposimama tununue mapeasi. Mpya ina mabomba na tangi, haina mnara, na fedha zilizosalia zitatengeneza vyoo vya madrasa, inshaallah. Kwenye kiti cha nyuma mweka hazina aliushika mkono wa mwanawe, akaitazama sugu iliyoachwa na tupa, akauliza taratibu, "Kile chuma, hatimaye kilikuwa mraba?"

"Bado kidogo, baba," kijana alijibu.