Kutoka Msalato Hadi Tumboni mwa Liemba

Vyuma vyote vilivyoiunda MV Liemba vilipita Dodoma. Meli ile ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande na kupakiwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda garimoshi la reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na ikamalizikia Kigoma mwaka 1914. Yalikwenda kuundwa upya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, yawe meli ya Kaiser yenye jina la Graf von Götzen.

Mimi ni mtu wa Msalato, kilomita kama 12 kaskazini mwa mji wa Dodoma, kwenye barabara ya Arusha. Maji tuliyokulia ni ya kisima, ya lambo na ya mvua ya msimu mmoja. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, matangi ya maji. Nilikuwa nimeshika kazi hiyo miaka kadhaa kabla sijaona chombo chochote kikubwa kuliko mtumbwi, na hata mtumbwi wenyewe nilikuwa nimeuona pichani tu.

Agosti 2016 shangazi yangu aliyeolewa Kirando, mkoani Rukwa, aliugua, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumjulia hali. Wengi wangepita Mbeya na Sumbawanga kwa basi. Nilichagua garimoshi hadi Kigoma, kisha meli, kwa sababu nilitaka kuifuata ile njia ya masanduku.

Safari ya reli sitaieleza sana. Mibuyu ya Ugogoni ilituacha baada ya Bahi na majaruba yake ya mpunga, tukapanda kwenda Manyoni, tukaingia vichaka vya Itigi, usiku ukatukuta kabla ya Tabora. Kila kituo kilikuwa na akina mama wa karanga, asali na kuku wa kuchemsha. Baada ya Uvinza, penye chumvi, nchi ilianza kuinama, na abiria waliozoea wakaanza kufunga mizigo yao. Kigoma reli inaishia pale pale ziwani. Ukishuka behewani hutembei sana kufika bandarini.

Liemba ilikuwa nyeupe, ndefu, na haikuwa na mbwembwe. Urefu wake ni mita 71 na kitu, upana kama mita 10. Nilianza kuikagua kama ninavyokagua geti lililotengenezwa na fundi mwingine: sikutazama rangi, nilitazama kona. Hapo ndipo nilipoona ribiti. Safu kwa safu, vichwa vya mviringo vimejipanga ubavuni toka omo hadi shetri, vimefunikwa na rangi juu ya rangi. Sisi mafundi wa leo tunayeyusha chuma na kuunganisha. Wale walioiunda Liemba walipasha ribiti moto mpaka ikawa nyekundu, wakaipenyeza katika tundu lililopita mabati mawili, wakaigonga kichwa upande wa pili ingali ya moto. Ikipoa husinyaa, na ikisinyaa huyabana mabati yale kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauna. Tundu likikosewa kidogo, maji yanaingia. Ribiti ikigongwa imeshapoa, haibani. Kazi hiyo haina njia ya kuficha uvivu.

Vitabu humtaja Anton Rüter na wenzake wawili waliotumwa kutoka Papenburg kuisimamia. Walioshika nyundo pamoja nao pale Kigoma, Waafrika na Wahindi, vitabu huwaita vibarua. Mimi nawaita mafundi. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshawaka. Ilibeba askari na kuwapeleka mwambao hadi mwambao, ikawekewa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoangamia Rufiji. Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe. Rüter na wenzake kwanza waliipaka mitambo grisi nene. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kukuta mitambo bado inafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mvuke uliondolewa miaka ya 1970, dizeli ikaingia. Bodi ni ile ile.

Ndani, meli ile inaonyesha wazi kwamba ilibuniwa kupakia na kupakua kuliko kustarehesha. Sehemu ya mbele ni ghala la shehena na winchi yake. Vyumba vya daraja la kwanza viko juu, penye upepo. Vya daraja la pili ni vidogo, vitanda vya ghorofa, na ukilala unasikia mtambo kifuani. Daraja la tatu liko chini, viti na mabenchi, na joto lake si la kusimulia. Nilikata tiketi ya daraja la pili lakini muda mwingi nilikuwa koridoni nikipapasa fremu za milango. Kila mlango una kizingiti cha chuma kirefu cha kuzuia maji yasihame chumba hadi chumba. Watoto walikuwa wamekwisha jifunza kuvivuka bila kutazama. Mzee mmoja wa chumba cha mitambo aliniona nikihesabu ribiti za nguzo, akaniuliza, "Wewe fundi?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, wa kuchomelea." Akasema, "Basi shuka uone."

Alinionyesha mahali sahani za zamani zinapokutana na vipande vilivyochomelewa wakati wa ukarabati. Vipande vipya vingine vilikuwa vizuri, vingine vilikuwa na uvimbe na vishimo ambavyo nisingevikubali kwenye geti la mteja. Za zamani zilikuwa zimetulia. Nilisimama pale na hasira kidogo, kwa maana mwaka 2016 tuna umeme, grenda na vipimo ambavyo Rüter hakuwa navyo.

Baadaye nilisoma kuhusu meli za leo zilizobuniwa kwa kazi kama ile ya Liemba vitani: kubeba askari na kuwashusha ufukoni hata pasipo na bandari. USS San Antonio ya Marekani, yenye urefu wa mita 208, ilianza kazi rasmi mwaka 2006 ikiwa na nafasi ya askari 700 hivi. Wabunifu wake walifikiria mwili wa mtu: vitanda vimepewa nafasi ya kutosha juu askari aweze kuketi kitandani, na korido zimepanuliwa apite na mzigo wake wa vita. Ni ubunifu wa kusifiwa. Lakini mwaka 2008, katika safari yake ya kwanza ya kikazi, mabomba ya mafuta ya kulainishia mitambo yalivuja mpaka ikalazimika kusimama Bahrain kutengenezwa, na uchunguzi ukakuta viungo vilivyochomelewa vibaya. Kitanda kizuri hakimsaidii askari ambaye meli yake imesimama gatini.

Tumboni mwa meli za namna hiyo kuna bwawa. Nahodha hujaza maji matangi ya uzito, sehemu ya nyuma inazama kiasi, lango kubwa linafunguliwa, maji ya bahari yanaingia ndani, na boti zinaelea kwenda ufukoni na watu na magari. Wuzhishan ya China, iliyokuja Dar es Salaam mwaka 2024 kwa mazoezi ya pamoja ya China, Tanzania na Msumbiji, ina bwawa kama hilo. Sisi tunaijua haja yake. Machi 2008 askari wetu walishuka Anzuani, Komoro, pamoja na wenzao wa Umoja wa Afrika, kumwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho aliyekataa kuachia madaraka.

Liemba haina bwawa. Nilielewa maana ya jambo hilo usiku wa kwanza ziwani. Honi ililia, mtambo ukapungua, na gizani zikatokea taa za mitumbwi na maboti yakija mbio kutoka kijiji kisicho na gati. Mlango wa ubavuni ulifunguliwa karibu na maji. Boti zikajibanza, zikigombea nafasi, na watu wakaanza kupanda na kushuka kwa wakati mmoja: magunia ya dagaa juu, mabati na sabuni chini, bibi mmoja akivutwa kwa mikono miwili, mtoto akipokezanwa juu ya vichwa. Hakuna ngazi ya maana, hakuna cha kushika. Kila kitu kilitegemea mikono ya mabaharia, na mikono ile ilikuwa hodari. Baharia mmoja kijana aliniambia kwamba mwaka mmoja nyuma, Mei 2015, walifanya hivyo hivyo Kagunga, Warundi maelfu kwa maelfu waliokimbia nchi yao wakiwa wamejazana ufukoni, kipindupindu kimeshaingia, na meli haiufikii ufuko wenyewe. Waliwatoa kwa boti ndogo, shehena ya watu baada ya shehena ya watu, hadi Kigoma. Mwaka 1997 ilikuwa imewarudisha Wakongo zaidi ya 75,000 makwao. Meli iliyowahi kupeleka bunduki vitani imeokoa watu wengi kuliko manowari nyingi zenye sifa.

Kirando nilishuka kwa mlango ule ule, viatu mkononi. Shangazi alikuwa ameanza kupata nafuu, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nimekula migebuka njiani.

Baada ya miaka michache Liemba ilisimama, ikawa ya kusubiri matengenezo makubwa. Kwa hiyo haya nawaambia wanaoishika kwa matengenezo, na vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA watakaopewa nafasi ya kuingia ndani yake wakiwa na mashine mkononi. Ribiti ambazo bado zinabana ziacheni. Kila kiungo kipya kikaguliwe na mtu asiyekichomelea yeye mwenyewe. Wapeni hewa abiria wa daraja la tatu. Na ule mlango wa ubavuni upanueni, muuwekee ngazi imara na vishikio pande zote mbili, kwa sababu ndipo anapopandia mama mwenye mtoto mgongoni, usiku, mawimbi yakipiga.