Mnana wa Lufira
Alfajiri tulitoka Likasi, tukaelekea mashariki mpaka ziwa la Tshangalele, lililotokea mto Lufira ulipozibwa kule Mwadingusha. Katika vichaka vilivyosimama majini minana walikuwa wakisuka viota vyao. Bwana Ruwet alimpata ndege huyu mwaka 1960. Mwaka 1982 wataalamu Louette na Benson walimtaja kuwa aina mpya, Ploceus ruweti.

Je, ziwa la karne iliyopita limezaa ndege mpya? Hasha! Muda huo ni mfupi mno. Lakini vinamasi vya Lufira ni vya kale, navyo vimetengwa na nchi kavu kama kisiwa kilivyotengwa na bahari. Minana waliofungiwa humo huzaliana wao kwa wao, vizazi kwa vizazi, hata hutofautiana na jamaa zao wa mito mingine.

Mvuvi mmoja alitucheka: “Minana? Mbona wako tele!” Tukamjibu kwamba wako tele hapa Lufira tu.