Pasaka Isiyo na Paa

Kila nikimsikia mhubiri akisema kwamba mateso ni zawadi ya Mungu, mwanangu, macho yangu hutafuta dirisha. Mimi ni mtu wa kaskazini ya mto Kagera, na mwaka 1978 nilikuwa mvulana wa darasa la sita. Vita niliviona kwa macho haya, na zawadi ndani yake sikuiona. Nilichokiona ni baadaye, tuliporudi kwenye vibanja vyetu vilivyogeuka magofu, na sijawahi kukisikia kikihubiriwa vizuri. Mhusika wake mkuu ni bibi yangu mzaa baba, ambaye hakujua kusoma na alikuwa mkali kama pilipili.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka pale Mutukula mwishoni mwa Oktoba. Kwetu huo ni msimu wa kusubiri senene, wale panzi wa kula. Wanawake walikuwa wameshaandaa vikapu, na watoto tulikuwa tukiamka alfajiri kuchungulia nyasi kama zimeanza kujaa. Badala ya senene tukasikia mizinga. Tuliondoka na tulichoweza kubeba kichwani: godoro moja, sufuria, redio ya baba iliyofungwa kwenye shuka, na kuku wawili ambao bibi aliwafunga miguu na kuwaning'iniza mabegani. Siku chache baada ya sisi kuvuka mto, daraja la Kyaka lililipuliwa, na waliochelewa wakabaki ng'ambo ile. Wanasema waliohama walikuwa kama 40,000. Mimi nakumbuka nyuso tu: mwalimu wetu wa hesabu akimsukuma mama yake kwenye baiskeli, na mama mmoja aliyesimama katikati ya barabara akijaribu kukumbuka kama alifunga mlango. Tulifikia Kiziba kwa ndugu zake bibi, watu kumi na kitu katika nyumba ya vyumba viwili. Redioni Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema kwamba tutampiga Amin, na wanaume walirudia maneno yake kila jioni wakipokezana kibuyu cha pombe ya rubisi. Mkungu wa ndizi uliokuwa ukiuzwa shilingi tano ukafika kumi na tano, maana wageni tulikuwa wengi na migomba ni ileile. Sabuni tuliisahau. Mama alifulia majivu, na hadi leo nikisikia harufu ya nguo iliyofuliwa kwa majivu tumbo hunikaza.

Tulirudi mapema mwaka 1979, vita vikiwa vimesogea ndani ya Uganda na jeshi letu likiwa limeshika Mutukula. Kwenye lori alikuwamo mwanajeshi kijana, mtu wa Lindi, akatuuliza wale panzi wa kijani waliojaa nyasini mwezi wa Novemba walikuwa laana ya namna gani. Wazee walishika vichwa. Senene walikuwa wamekuja kama kawaida, mwanangu, wengi mno, wakatua kwenye nchi isiyokuwa na mwenyewe. Bibi alicheka hadi akafuta machozi, cheko la kwanza nililolisikia kwake tangu Oktoba.

Kijiji hakikuwa na bati hata moja. Mabati yalichukuliwa, milango, ng'ombe, mpaka jiwe la bibi la kusagia, ingawa ni nani anayekwenda vitani akarudi na jiwe la kusagia sijapata kuelewa. Migomba iliyokosa mkono wa mtu ilikuwa imeanguka na kuoza, na kibanja kizima kilinuka siki. Kanisa letu, kigango kidogo cha matofali, lilibaki kuta tu, na ukuta mmoja ulikuwa na tundu la kupita ndama. Mabenchi yalikuwa yameishia kwenye mafiga. Majivu yake tuliyakuta palepale mbele ya altare, pamoja na kinyesi cha mbuzi, na kwenye pembe za nyuma si cha mbuzi.

Mnamo juma la pili baba mdogo, akipalilia upande wa chini wa kibanja, aligonga buti kwa jembe. Ndani ya buti kulikuwa na mguu. Alikuwa askari wa Amin, kwa vile vipande vya sare vilivyobaki. Mifupa, mkanda, na kijiko cha bati mfukoni. Baba mdogo alikuwa amepoteza ng'ombe kumi na mmoja. Alitema mate, akasema atamburuta hadi bondeni fisi wamalizie. Wanaume wengi waliokusanyika walimuunga mkono, na siwalaumu hata leo, kwa kuwa wengine kati yao walikuwa bado hawajapata miili ya ndugu zao wenyewe. Bibi alifika na fimbo yake, akaketi chini kando ya ile mifupa, akakishika kijiko akakigeuzageuza. Kisha akasema, "Huyu ana mama. Mahali fulani kuna mwanamke anapika akihesabu sahani." Baba mdogo akamjibu kwamba mama huyo ndiye aliyemzaa mwizi. Bibi akasema, "Mimi pia nilizaa mwanaume asiyenisikiliza," na watu wakacheka wasitake. Akaamuru azikwe kibanjani. Kwetu, kumzika mtu kwenye kibanja chako ni kumpa ukoo. Alikopa lubugo kwa mzee mmoja wa Kiziba, lile gome jekundu tunalowavika wafu wetu, kwa shilingi 30 ambazo hakuwa nazo. Tulichimba mimi na baba. Baba mdogo hakugusa jembe, lakini hakuondoka. Alisimama mikono nyuma hadi udongo wa mwisho.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, siku ya Jumatano, na Jumapili yake ikawa Pasaka. Wanawake walikuwa wamesugua sakafu ya kanisa kwa mchanga na maji siku mbili mfululizo, bila sabuni, na harufu ile ikakataa kutoka. Basi asubuhi ya Pasaka wakafanya kama wafanyavyo nyumbani wakisubiri mgeni wa heshima: walikata nyasi mbichi wakatandika kanisa lote, kutoka mlangoni hadi altareni. Ukiingia ulikanyaga umande. Padre alipanda lori la jeshi kutoka ng'ambo ya mto, akiwa na hostia chache kwenye kopo la maziwa ya unga, akazivunja vipande vidogo kama kucha ili zitutoshe. Walutheri wa jirani, ambao kanisa lao lilikuwa limeanguka kabisa, walikuja wakakaa nasi, jambo ambalo kabla ya vita lingezua maneno mwaka mzima. Katikati ya misa masika ikashuka. Hakuna aliyekimbia, kwani tungekimbilia wapi? Mvua ilitunyeshea sote, padre, mtoto wa kubatizwa, mwanajeshi wa Lindi, na zile nyasi zikatoa harufu tamu ya shamba hadi ile nyingine ikashindwa. Nilimtazama mama. Kitenge kimemganda mwilini, uso umekonda, na anaimba sauti ya pili kama mtu asiyedaiwa. Nimeingia makanisa makubwa tangu siku hiyo, yenye vioo vya rangi na vinanda, na uzuri wa Mungu bado naupima kwa ile asubuhi.

Wakati wa kuwaombea marehemu katekista alisoma majina, mengi, akituliza pumzi kila baada ya matatu au manne. Alipomaliza bibi alipaza sauti kutoka nyuma: "Na yule wa kwangu." Katekista akauliza jina. Bibi akasema hana, Mungu analo. Minong'ono ilipita. Baba mdogo, aliyekuwa amesimama kwenye lile tundu la ukuta kwa sababu alikuwa amegoma kuingia, akaitika kabla ya wengine: "Umsikie, Bwana."

Usinielewe kwamba alisamehe. Alihesabu ng'ombe wake kumi na mmoja kwa majina hadi anakufa, na kila mwaka alimwandikia mkuu wa wilaya kudai fidia. Mwalimu Nyerere alitutaka tufunge mikanda miezi 18, tukaifunga miaka. Mabati ya kanisa yalichelewa sana, na yalipokuja yalikuwa pungufu, upande wa wanaume ukaendelea kuvuja. Ila deni la lubugo lililipwa msimu uleule, kwa buni. Nusu ya gunia ilitoka kwa bibi. Nusu nyingine niliibeba mwenyewe kutoka kwa baba mdogo, aliyenionya nikifika kwa yule mzee nisiseme imetoka kwake.