Foleni ya Lang'ata

Ndege ndogo zitokazo Uwanja wa Ndege wa Wilson hupita chini sana juu ya Gereza la Wanawake la Lang'ata, Nairobi, hata maneno yakakatika midomoni. Asubuhi hiyo ya kuona wafungwa tulikuwa watu 22 langoni. Wanaume watatu tu. Nimewahi kusimama nje ya jela za wanaume: pale foleni ni ya wake. Hapa ni ya mama wazazi, dada na mashangazi.

Mbele yangu alikuwa nyanya mmoja wa Machakos na mjukuu wake wa kiume. Ndani ya kiondo mlikuwa na sodo, mafuta ya kujipaka na mche wa sabuni alioukata vipande mwenyewe tangu nyumbani. “Wataukata tu pale mlangoni,” aliniambia.

Kosa la bintiye sikuuliza. Aliingia na mimba. Mjukuu huyu akazaliwa kifungoni. Sheria ya Kenya humruhusu mtoto kuishi jela na mamake hadi atimize miaka 4, kisha hutolewa, kifungo kiwe kimekwisha au hakijakwisha. Yeye alitoka Desemba. Babake alishaoa mke mwingine, na nyumbani kwake hakumtaka.

“Ndege anazijua zote,” nyanya alisema. “Lakini mbwa hajawahi kumwona. Siku ya kwanza alimwona wa jirani, akalia mpaka usiku. Wanaume pia aliwaogopa.”

Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinataka mwanamke mjamzito au mwenye watoto wanaomtegemea apewe adhabu isiyo ya kifungo kila inapowezekana. Inawezekana mara nyingi, naamini, kuliko mahakama zetu zinavyokubali. Wapo wanaofungwa kwa chang'aa tu, kwa kukosa pesa za faini, na watoto wakabaki wakigawanywa kwa majirani kama vyombo vya nyumba iliyohamwa.

“Na wewe mama, ukichoka?” nilimuuliza.

“Nikichoka nani atakuja?”

Lango likafunguliwa. Afande alitoka na daftari, akaanza kuita majina. Mtoto akauachilia mkono wa nyanyake, akachutama chini katikati ya miguu yetu, mikono magotini, kimya, akingoja kuhesabiwa. Nyanya hakushangaa. Alimshika kwapani, akamwinua, akampangusa vumbi la suruali.

“Simama, baba. Siku hizi sisi ni wageni.”