Mngurumo wa Gurudumu

Gari letu lilikuwa halijatimiza miaka miwili lilipoanza kunguruma. Tulikuwa safarini kutoka Kampala kwenda Masaka; tulipopita Kayabwe, penye mstari wa Ikweta, mke wangu akaniambia, "Baba watoto, sikiliza. Gari linavuma kama mzinga wa nyuki." Nikamjibu kwa kiburi kwamba gari jipya haliugui.

Kesho yake fundi mmoja alisema beringi imekufa, akataja bei iliyokaribia karo ya watoto. Mke wangu akasema, "Tupime kwanza, ndipo tulipe."

Tukatafuta barabara tupu. Nilipokata kona ya kushoto, uzito uliegemea kulia. Beringi mbovu ya upande huo ingelia zaidi. Mlio haukubadilika. Lakini tulipotoka kwenye lami ya kokoto na kuingia kwenye lami laini, ulipungua. Hiyo ni dalili ya tairi. Nyumbani nikapitisha kiganja juu ya matairi ya mbele: yalikuwa na meno kama msumeno, kwani magurudumu hayakuwa yakielekea mbele sawasawa. Tukayahamishia nyuma, na mngurumo ukahamia nyuma. Magurudumu yakanyooshwa kwa gharama ndogo, na karo ikasalimika.

Nilimwomba mke wangu radhi. Nawe, ndugu msomaji, usinunue kwa kukisia. Ila ukisikia gurudumu linagonga, simama papo hapo, ukague nati. Gurudumu lililolegea halingoji kesho, na waliomo garini ni watoto wako.