Barua kwa Neema: Maji ya Tumboni

Sengerema

Mpwa wangu Neema,

Nimeona nikuandikie kirefu kuhusu mama yako, maana kwenye simu unalia na mimi nashindwa kukueleza.

Umesema mnampimia dada maji ya kunywa, glasi mbili kwa siku, ili tumbo lipungue. Acheni. Homa ya ini B imelijaza ini lake makovu, damu itokayo kwenye utumbo inalipita kwa shida, na presha inapanda ndani ya mshipa unaoipeleka huko. Ini hilohilo ndilo hutengeneza albumini, protini inayozuia maji yasivuje nje ya mishipa, nayo imepungua. Figo nazo zinadanganyika, zinadhani damu ni chache, zinaanza kushikilia chumvi. Chumvi ikibaki mwilini, maji hubaki nayo. Maji ya kunywa hupunguzwa pale tu kipimo cha damu kinapoonyesha sodiamu imeshuka sana, na hilo ataliamua daktari.

Kwa hiyo kazi yako iko jikoni. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na humo hesabu kila kitu. Ile kayabo anayoipenda ni chumvi yenye samaki ndani. Magadi mnayotia kwenye mlenda na maharage yamejaa sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Unga wa kuungia mchuzi, vilevile. Tumia ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Atanuna wiki ya kwanza, mvumilie.

Ila msimnyime samaki wabichi, mayai wala maharage. Wanaosema mgonjwa wa ini asile protini wamewakondesha watu bure. Kabla ya kulala apate uji, maana ini lililochoka haliweki akiba ya kutosha ya usiku.

Dawa za spironolaktoni na furosemidi ni za kumkojoza. Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, uandike. Miguu ikiwa bado imevimba, akipungua hadi kilo moja kwa siku si neno. Uvimbe wa miguu ukiisha, nusu kilo inatosha. Akipungua kwa kasi kuliko hapo, mrudishe kliniki, figo zisije zikaumia. Na mgongo ukimuuma, asinunuliwe diklofenaki wala ibuprofeni dukani. Hizo huumiza figo na kuzifanya dawa za kukojoza zisifanye kazi.

Shangazi yako anasema aliyetolewa maji tumboni hafiki mbali. Wengi wa hao walipelekwa hospitali wakiwa hoi, kisha lawama ikabaki kwa sindano. Daktari akitaka kuyatoa, kubali, na uombe yapimwe, kwa kuwa bakteria huweza kuingia humo. Yakitolewa zaidi ya lita 5, ulizia albumini ya mshipani. Ni ghali na si kila hospitali inayo, lakini ulizia. Akipata homa, tumbo likiuma, akianza kuchanganyikiwa au kulala mchana na kukesha usiku, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, msingoje kuche.

Majirani wanaosema dada alikuwa mlevi, waache. Pombe si mlango pekee wa ugonjwa huu.

Sitakuficha: tumbo kujaa maji ni dalili kwamba ini limeelemewa. Lakini tenofoviri anayomeza kila siku inavidhibiti virusi, na wapo ambao ini lao likipata nafuu maji hupungua, hata dawa za kukojoza zikapunguzwa. Asiiache hata akijisikia mzima.

Wewe na wadogo zako, kapimeni homa ya ini B wiki hii. Asiyekutwa nayo na hajawahi kuchanjwa achanjwe sindano tatu: ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Atakayekutwa nayo anipigie mimi kwanza, kabla hajamwambia mama yenu.

Mjomba wako